Mlinzi wa Ghorofa ya Tatu

Mchungaji aliponipigia simu, aliniomba nije niwaeleze nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kutunza wazee habari za uvumilivu. Nikamwambia nitakuja, lakini huo uvumilivu amtafute mtu mwingine auelezee. Mimi nimeosha wazee wa nchi hii ya Marekani, nimewalisha, nimewageuza kitandani na kuwavisha soksi mpaka magoti yangu yakagoma, na mtu akiniambia "vumilia, Mama Rhoda," natafuta kitu cha kumrushia. Wale mnaosikia Kiswahili lakini mnajibu kwa Kiingereza, kaeni papo hapo, nyinyi ndio ninaowataka zaidi. Sikilizeni tu.

Nianze na jambo dogo la kazi. Usimguse mzee kabla hujamsemesha. Mkaribie kwa mbele, taja jina lake, mwambie unataka kufanya nini, ndipo uweke mkono. Hilo sikulisoma katika mafunzo. Nilifundishwa na baharia mmoja mzee niliyemshika bega kwa nyuma nikitaka kumvalisha sweta. Aligeuka akanitandika ngumi ya jicho. Jicho likavimba wiki nzima, na kanisani watu wakawa wanamtazama mume wangu kwa jicho baya. Maskini mume wangu, mtu ambaye hata nzi humfungulia dirisha. Wazee wa kanisa walimwita pembeni wakamwombea.

Sasa cheka, umalize, maana yanayofuata hayachekeshi sana.

Nyumba ya wazee niliyofanyia kazi muda mrefu zaidi ilikuwa upande wa Beltsville, ghorofa tatu za matofali mekundu. Nilipanda mabasi mawili kutoka Silver Spring kufika huko. Ghorofa ya tatu ilikuwa yangu na ya dada mmoja wa Kikongo aliyeitwa Béa, mwanamke mwenye mikono ya nguvu na sauti ya kuimba kwaya. Na pale kwenye chumba cha pembeni aliishi Bi Edith.

Bi Edith alikuwa Mwingereza, amevuka miaka tisini, mwembamba kama ufito. Aliolewa na askari wa Kimarekani baada ya vita, akaja naye huku, akamzika huku. Kila siku kabla ya chakula cha jioni alishika kigari chake cha kutembelea, akazunguka ghorofa nzima akifunga mapazia ya kila dirisha. Njiani alichungulia kila chumba na kumwita kila mtu kwa jina. Wafanyakazi wengine walisema amechanganyikiwa, na ofisi ikaamini hivyo. Mimi nilimuuliza mwenyewe.

"Bi Edith, mbona unafunga mapazia na jua bado liko juu?"

"Kwa sababu litazama, Rhoda. Ukingoja giza, umeshachelewa."

"Na hao unaowaita majina?"

"Nataka kujua nani analala wapi. Ndiyo ilikuwa kazi yangu."

Basi nikimkata kucha, nikimsuka ule mkia wake wa nywele nyeupe, akanisimulia habari za vita na Wajerumani. Babu yangu mzaa baba alipelekwa Burma katika vita hivyo hivyo, amevaa kaptula ya jeshi la Mfalme. Lakini sikuwahi kujua kwamba kule Uingereza kwenyewe kulikuwa na wasichana wa miaka kumi na tisa waliovikwa kofia za chuma.

Kijiji chao kilikuwa pwani ya mashariki, watu wakivua samaki na kuwakausha kwa moshi. Ndege za Wajerumani zilipita juu yao zikienda kupiga miji mikubwa. Kwa hiyo serikali iliweka walinzi, watu wa kawaida wa kijiji, kila mmoja kofia na filimbi. Walihakikisha hakuna dirisha linalotoa mwanga, maana rubani akiona mwanga anajua chini kuna watu. Walijua kila mtu analala chumba gani, ili nyumba ikianguka wajue pa kuchimba. Na bomu likianguka, wao ndio wanaokimbilia kule ambako wengine wanakimbia kutoka.

Mkubwa wao alikuwa fundi viatu, Bwana Pym, mtu wa maneno machache. Alimfundisha Edith kila kitu. Alimfundisha kwamba filimbi si ya kupiga makelele tu. Ukishafika kwenye kifusi, watu wote wanapiga kelele, wanaita, wanalia, wanatupa mawe huku na huku. Wewe piga filimbi wanyamaze. Zima gari. Ziba mdomo wa anayelia. Kisha sikiliza, maana aliye chini hana nguvu ya kushindana na kelele zako.

Sasa, juu ya kilima cha kijiji kulikuwa na hoteli ya tajiri mmoja, na hoteli ilikuwa na ukumbi wenye paa la kioo. Yule tajiri alikuwa akiwakaribisha wakubwa wa jeshi, muziki, vinywaji, taa zinawaka. Bwana Pym na Edith walipanda kilima kumwambia azifunike. Akawacheka. Walipopanda mara ya pili aliwaamuru watumishi wawatoe kwa mlango wa jikoni. "Wajerumani hawatakuja mpaka huku kutafuta samaki," alisema.

Ndege iliyokuwa ikirudi kwao, na mabomu yakiwa yamebaki tumboni, ikaona lile paa. Mabomu hayakuipata hoteli. Yalianguka chini ya kilima, kwenye safu ya nyumba za wavuvi.

Bi Edith aliniambia kulipopambazuka ile safu ilikuwa kama mdomo uliong'olewa meno ya mbele. Kitanda kilikuwa kinaning'inia ghorofani kwenye kipande cha sakafu, kimetandikwa vizuri, na chini yake hakuna nyumba. Mapipa ya samaki yalikuwa yamepasuka barabarani na paka wa kijiji kizima walikuwa wanakula. Walichimba kwa mikono. Bwana Pym akapiga filimbi, watu wakanyamaza, wakasikia kucha zinakwaruza ubao. Walimtoa mwanamke mmoja chini ya ngazi akiwa hai. Joan, rafiki wa Edith tangu utotoni, walimtoa amekufa. Mke wa Bwana Pym pia. Fundi viatu alimchimba mkewe mwenyewe, maana alijua analala wapi.

Kule hoteli, paa la kioo lilivunjika. Basi.

Wakaja wakubwa kutoka mjini kuuliza maswali. Edith akasimama akawaeleza habari za lile paa na zile taa, na jinsi walivyofukuzwa kwa mlango wa jikoni. Mkubwa mmoja akamwambia kwa upole, "Binti, umepatwa na mshtuko. Wewe bado mtoto. Nenda kanywe chai." Na yule mwenye hoteli alikuwa ameketi benchi moja nao. Tangu siku hiyo Bwana Pym hakupokea tena kiatu cha mtu yeyote wa kilimani, hata cha mtumishi.

Hadithi hiyo nilidhani ni ya huko kwao na zamani zake. Mpaka majira yale ya joto.

Jenereta yetu ilikuwa mbovu. Hilo halikuwa siri. Kila walipoijaribu ilikohoa, ikatoa moshi, ikazimika. Mimi nilimwambia meneja, Béa alimwambia, fundi wa nyumba alimwambia. Meneja nitamwita Bwana Harlan, jina ambalo si lake. Alikuwa mtu wa tabasamu na mashati yaliyopigwa pasi vizuri. Kila mara alijibu, "Linashughulikiwa." Wanangu, mkisikia mtu anawaambia "linashughulikiwa," muulizeni ni nani anayelishughulikia, jina lake nani, na anakuja siku gani. Akishindwa kujibu, hakuna linaloshughulikiwa.

Siku hiyo joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Mchana, tulipokuwa tumemaliza kuwalisha, mbingu ikageuka rangi ya jeraha, upepo ukaja ukaangusha miti mpaka barabarani. Umeme ukakatika. Tukangoja jenereta. Ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

Lifti imekufa. Feni zimekufa. Mashine za hewa ya oksijeni zinazotumia umeme zikaanza kulia kama vifaranga, kisha betri zake ndogo nazo zikaisha. Madirisha ya nyumba ile yalifunguka upana wa mkono tu. Joto likapanda ndani kama mtu anayepanda ngazi. Nikapiga simu ya dharura, wakasema njia zimezibwa na miti, watakuja wanavyoweza. Nikampigia Bwana Harlan. Alikuwa njiani kwenda kwake Germantown. Alikuwa na wasiwasi na friji lake la nyama.

Ndiyo, mmesikia sawasawa. Friji la nyama.

Béa akaja mbio, jasho linamtiririka. "Dada Rhoda, ascenseur imekufa, hii lifti! Tutashusha hawa wazee namna gani?"

Kengele za vyumba hazikufanya kazi, kwa hiyo kila mzee alikuwa anaita kwa mdomo. Mmoja anamwita mama yake, mwingine anapiga meza, sisi wenyewe tunapigiana kelele kutoka ncha moja ya ukumbi hadi nyingine. Nilisimama katikati nikawa sijui nianzie wapi.

Ndipo mlango wa pembeni ukafunguka, Bi Edith akatoka na kigari chake. Akaweka vidole viwili mdomoni akapiga mluzi. Sijawahi kusikia mluzi wa namna ile hata kwa wachunga ng'ombe wa kwetu. Kelele za ghorofa nzima zikakatika.

"Nyamazeni," alisema. "Rhoda, usiulize nani anaita. Anayeita anapumua. Niambie ni nani hajajibu."

Tukasikiliza. Mwanzo sikusikia kitu. Halafu, kutoka mwisho wa ukumbi, nyuma ya mlango uliofungwa, ikaja sauti ndogo ya chuma juu ya chuma. Ti. Ti. Ti.

"Huyo ni Stan," Bi Edith akasema. "Kitanda chake kiko upande wa kushoto, chini ya dirisha. Nendeni."

Bwana Stan alikuwa fundi wa mabomba zamani, mzee mkorofi, mapafu yake yamechoka. Tulimkuta midomo imegeuka buluu, hana pumzi ya kuita, anagonga chuma cha kitanda kwa pete yake ya ndoa.

"Huyu papa anapumua mubaya sana," Béa akanong'ona.

Mitungi ya oksijeni isiyohitaji umeme tulikuwa nayo. Ilikuwa stoo ya chini, na stoo ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Bwana Harlan, kwa sababu alisema sisi wafanyakazi tunapoteza vitu. Béa akashuka ngazi zote, akachukua mtungi wa kuzimia moto ukutani, akapiga kitasa mpaka kikang'oka. Akapanda tena na mtungi mmoja. Mingine ilikuwa mitupu. Mtu alisaini kwamba imejazwa, na ilikuwa mitupu.

Tukamweka Bwana Stan juu ya blanketi. Jifunzeni hili pia: mgonjwa anayebebwa kwa blanketi hushushwa ngazi miguu ikitangulia, na mwenye nguvu zaidi hushika upande wa chini. Béa akashika upande huo. Watu wa jikoni wakaja kusaidia. Tukawashusha mmoja mmoja, na kila tulipopanda tena tulimkuta Bi Edith amesimama mlango wa ngazi ametuandalia anayefuata. Amemfunga leso ya maji shingoni, anamsemesha polepole. Kila chumba kilichokuwa kitupu alikiachia mto mlangoni, ili tusipoteze muda kukitazama tena. Nilimwomba ashuke. Akasema, "Mlinzi hutoka wa mwisho," akanigeuzia kisogo.

Nje, nyuma ya nyumba, kulikuwa na kivuli na upepo kidogo. Tuliwalaza kwenye nyasi, juu ya magodoro. Mtungi wa Bwana Stan uliisha gari la wagonjwa likiwa bado linatafuta njia. Béa alikuwa amemshika mkono. Alimwimbia wimbo wa kwao mpaka hakukuwa na wa kuimbiwa.

Bi Edith alishuka wa mwisho kabisa, ameketi, ngazi moja baada ya nyingine, kigari kikimfuata kwa kishindo. Alipofika kwenye nyasi akatazama magodoro yote, akamwona Béa, akaelewa. Aliomba kiti akaketi karibu na Stan, akawafukuza nzi kwa mkono wake.

Kesho yake Bwana Harlan alituita ofisini. Sisi ni familia, alisema. Familia husaidiana. Akija mkaguzi, tuseme jenereta ilifanya kazi kidogo kabla ya kuzimika, na Bwana Stan alikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Mimi nina familia, wanangu. Moja iko kwetu Vihiga na nyingine iko Silver Spring, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniomba niseme uongo juu ya maiti.

Mkaguzi akaja. Nikasema niliyoyaona. Béa akasema. Lakini aliyesema vizuri kuliko sisi wote ni Bi Edith. Alieleza kwa mpangilio, kuanzia siku jenereta ilipoanza kukohoa, na nani aliambiwa. Mkaguzi alikuwa anaandika kwa haraka. Bwana Harlan akainama, akamwambia kwa sauti ya huruma, "Lazima nikutahadharishe. Bi Edith amechanganyikiwa kidogo. Kila jioni anafunga mapazia akidhani ndege za Wajerumani zinakuja."

Nikaona kalamu ya mkaguzi inasimama.

Bi Edith naye aliiona. Akanyanyuka kwenye kiti, ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Nilipokuwa na miaka kumi na tisa mliniambia mimi bado mtoto," alisema. "Sasa mnaniambia nimezeeka. Nani ataniambia ni mwaka gani hapo katikati nilipokuwa na umri wa kuaminiwa? Maana mwaka huo hakuna aliyeniuliza."

Mkaguzi akaona haya, akamshukuru, akafunga faili lake. Mnataka kujua kilichotokea? Jenereta mpya ililetwa. Bwana Harlan alihamishiwa nyumba kubwa zaidi, ng'ambo ya mto, Virginia. Béa akapelekwa kufua mashuka. Zamu zangu zikapungua, zikapungua tena, mpaka nikaelewa nikaondoka. Bi Edith nilikuwa namtembelea Jumapili baada ya ibada, mpaka masika yaliyofuata alipofariki, usingizini, na huyo kweli alifia usingizini, maana nilikuwepo.

Lakini kabla hajafa alifanya jambo moja. Alimtafuta kwa simu binti wa Bwana Stan, Carol, aliyeishi Ohio, akamwambia, "Nenda ukamwone Rhoda."

Carol alikuja kwangu Silver Spring. Akaketi mezani jikoni, hakugusa chai. Aliniambia kampuni ilimwandikia kwamba baba yake alisinzia baada ya chakula cha mchana, akaondoka kwa amani. Nikamweleza yote. Pete, ngazi, kitasa, mitungi mitupu. Hakulia. Akaniuliza, "Alisema nini mwishoni?"

"Aliuliza Edith yuko wapi. Béa akamwambia bado anashuka. Akasema, 'Basi mngojeeni.'"

Carol akacheka, na ndani ya kicheko hicho ndipo machozi yalipotoka. "Baba hajawahi kumngojea mtu maisha yake yote," alisema. "Mama alikuwa anamkuta ndani ya gari anapiga honi."

Kisha akajifuta uso akaniambia, "Naomba uniambie tena. Polepole. Nataka kuyashika."

Aliyashika, akayapeleka mahakamani. Kampuni ilijaribu kumaliza naye kimya kimya, akakataa. Siku ya ushahidi nilivaa suti yangu ya kijani. Béa alikuwa nyuma yangu, na Bwana Harlan alikuwa mbele, shati limepigwa pasi. Wakili wa kampuni, kijana mzuri mwenye sauti laini, akanisogelea.

"Mama, si kweli kwamba una hasira na mwajiri wako wa zamani?"

"Kweli kabisa," nikamwambia. "Sasa niulize kwa nini."

Alirudi kuketi. Wakili wa Carol akasimama akaniuliza yeye. Nikageuza kiti kidogo, nimtazame Bwana Harlan, nikaanza kueleza. Na safari hii hakuwa na mahali pa kwenda.